Kuku, mbwa, matuta ya mboga na watoto wadogo kwenye uwanja mmoja: mnapangaje?

Mama_Uani

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri wa wanaofuga na kulima mboga nyumbani huku wana watoto wadogo.

Tupo Morogoro mjini. Uwanja uliobaki baada ya nyumba ni mita 10 kwa 14, tambarare, udongo mwekundu. Watoto ni wawili, wa miaka 5 na wa mwaka mmoja na nusu. Huyu mdogo kila anachookota kinakwenda mdomoni. Kuku wa kienyeji wapo 9, matetea 8 na jogoo mmoja, wanazurura kutwa na usiku wanalala kwenye banda la mbao la mita 2 kwa moja na nusu. Kuna mbwa mmoja wa ulinzi. Uzio wa nyuma ni wa minyaa. Nataka matuta manne: mchicha, sukuma, matembele na nyanya.

Mchicha ukipandwa leo, kesho umeshafukuliwa. Kinyesi kipo kila mahali mpaka kibarazani. Samadi ya bandani ikiwekwa kwenye tuta, sukuma zinaungua kingo za majani. Kuku kuwafungia siku nzima sitaki, maana chakula chote kitakuwa cha kununua. Na watoto nataka washiriki kazi za nje, wasifungiwe ndani. Wenzangu mnafanyaje?

Mfugaji_Mindu

Dada, kuku, watoto na mboga wote wanatumia uwanja uleule kwa saa zilezile, ndiyo maana kila mmoja anamharibia mwenzake. Gawa nafasi, halafu gawa na saa. Watu wengi wanaishia kwenye wavu tu, saa wanazisahau.

Nafasi kwanza. Zungushia uga mbele ya banda, mita 3 kwa 5, nguzo kila baada ya mita 2, wavu wa kuku wa futi 6. Ukiwa na vifaranga, sentimita 40 za chini ongeza wavu wa tundu la nusu inchi, la sivyo watapenya na mama atabaki ndani analia. Chini ya wavu usiache wazi. Ukunje uelekee nje sentimita 30, ulale ardhini, ukandamize kwa mawe. Mbwa au nguchiro anachimba palepale wavu unapogusa udongo, akikuta umelala chini ya miguu yake anakwama. Juu usipigilie ubao. Kuku kabla ya kuruka anatafuta pa kutua, na wavu uliolegea juu haumpi pa kushika.

Atakayeruka hata hivyo, mkate manyoya marefu 10 ya mwisho ya bawa MOJA. Ukikata yote mawili anabaki na usawa, ataruka tena. Kunjua bawa kwenye mwanga uangalie mashina: unyoya mpya una mrija mweusi-mweusi wenye damu ndani, huo uache, ukikatwa unavuja damu nyingi. Akishanyonyoka na kuota manyoya mapya unarudia.

Sasa saa. Matetea wengi hutaga kati ya asubuhi na saa 7 mchana, kwa hiyo muda huo wakiwa ndani ya uga mayai unayapata kwenye viota, huyasaki vichakani. Wafungulie saa 10 na nusu jioni. Watakula wadudu na majani kama saa mbili, giza likianza wanarudi wenyewe bandani. Ndiyo saa watoto wanaoga na kula. Alfajiri unafagia uwanja mara moja, na kutwa nzima unakuwa wa watoto.

Chakula hakitakulemea unavyodhani. Kuku mzima wa kienyeji anakula gramu 100 hadi 120 kwa siku, kwa hiyo kundi lako linahitaji kama kilo moja. Mabaki ya jikoni, majani na malisho ya jioni yatabeba sehemu yake, kinachobaki ni pumba za mahindi zilizochanganywa na mashudu ya alizeti na dagaa kidogo. Majani usiwamwagie chini. Funga fungu kwa kamba, ulining'inize usawa wa vichwa vyao, wanachuna badala ya kukanyaga, na inawapa shughuli. Maji lita 2 na nusu hadi 3 kwa siku kwa kuku 9, joto likizidi ongeza, chombo kikae juu ya tofali ili wasikifukulie udongo.

Banda lako linatosha. Weka fito za kulalia, sentimita 20 kwa kila kuku, na viota viwili vya sentimita 30 kwa 30 CHINI kuliko fito. Kuku hulala pa juu kabisa anapopafikia. Kiota kikiwa juu atalala humo, anyee humo, na mayai unayowapa watoto yatoke yamechafuka. Sakafuni maranda ya sentimita 8 hadi 10, pageuze kwa reki kila wiki, palipolowa toa.

Kideri ndicho kinachomaliza kuku wa uani. Chanjo yake, inaitwa I-2, ni tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi 3, kwa kuku wenye afya tu. Ukishaona kinyesi cha kijani na shingo zinapinda umechelewa. Kichupa kina dozi nyingi kuliko kuku wako, ongeeni na majirani mchanje siku moja. Mtoto asishike kuku wakati wa kuchanja, na wewe usijiguse macho kabla ya kunawa, kwa sababu kirusi cha kideri kinaweza kuwasha macho ya binadamu yakawa mekundu siku kadhaa.

Na jogoo: akiwa na tabia ya kurukia watu, mchinje au muuze. Kucha ya jogoo ikirushwa inafika usawa wa macho ya mtoto wa mwaka na nusu. Matetea wanataga bila jogoo. Unamhitaji ukitaka vifaranga tu.

TutaMbele

Nyongeza upande wa bustani.

Hizo sukuma zinaunguzwa na amonia. Samadi ya kuku ina nitrojeni nyingi kuliko ya ng'ombe, ikiwa mbichi inaunguza mizizi na kingo za majani. Kubwa zaidi kwa nyumba yenye watoto, mbichi ina vijidudu vya kuharisha. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo. Mchicha unavunwa wiki 3 hadi 4. Kwa hiyo kwenye mchicha samadi mbichi haina nafasi kabisa, hesabu haikubali.

Iozeshe. Kila ndoo moja ya samadi changanya na ndoo 2 hadi 3 za vitu vikavu: majani makavu, mabua yaliyokatwakatwa, maranda yaleyale ya bandani. Unyevu pima kwa mkono. Kamata konzi, kamua kwa nguvu: yatoke matone mawili matatu. Ikitiririka ni maji mengi, itanuka na kuvutia nzi, ongeza vikavu. Ikimeguka kama vumbi, nyunyizia. Chomeka nondo ya chuma katikati ya rundo, baada ya dakika 10 ichomoe: ikiwa moto kiasi cha kushindwa kuishika, rundo linafanya kazi. Geuza kila wiki kwa mwezi mmoja, ya nje yaende ndani, halafu liache litulie miezi 2 mingine. Iliyoiva haitambuliki kuwa ilikuwa kinyesi, inanukia udongo wa mvua.

Matuta yawe na upana wa mita moja, si zaidi, ili ufikie katikati bila kukanyaga. Kwa watoto, tuta la pembeni lifanye la sentimita 60, mikono yao mifupi. Mchicha usitawanye mbegu ovyo, panda kwa mistari ya sentimita 15 hadi 20, funika kwa nyasi mpaka uote, kama siku 4 hivi, kisha toa nyasi. Kuku anafukua kwa sababu udongo umelegea na una minyoo. Basi tandaza kipande cha wavu wa kuku juu ya tuta lenyewe, kilale, ukishikize kwa vijiti. Mchicha unapenya kwenye matundu, kuku akikwaruza anakuta waya, anaondoka. Ni nafuu kuliko kuzungushia bustani nzima, na paka wa jirani naye hatageuza tuta choo. Uking'oa mchicha unakunja wavu, unautandika tuta la pili. Ila ncha za waya zikunje chini zote, mtoto mdogo atazikanyaga.

Matembele yapande nje ya wavu wa kuku, yakielekezwa kwao. Yanavumilia kudonolewa, yanachipua tena, na ni lishe yao.

Nyanya mimi ningezitoa. Kantangaze, yule mdudu anayeshambulia nyanya, akiingia utapiga dawa mfululizo, na mtoto wa miezi 18 anachuma nyanya na kula palepale. Weka bamia. Ukishindwa kabisa kuacha nyanya, miche michache ndani ya wavu wenye matundu madogo wa kuzuia wadudu.

Halafu dada, hiyo minyaa umeitaja kama kitu kidogo, mimi ndiyo imenistua kuliko kuku.

Mama_Uani

Asanteni sana, hili la kugawa saa sikuwahi kulisikia. TutaMbele, rundo la mboji kwa kuku 9 nitalijaza lini mpaka lipate joto? Na minyaa ina shida gani, mbona mitaa mingi ndiyo uzio?

TutaMbele

Rundo lipate joto linahitaji karibu mita moja kila upande. Kuku mmoja anatoa kama gramu 100 za kinyesi kwa siku, wako 9 ni karibu kilo 27 kwa mwezi, nyingine inabaki ugani. Ukichanganya na vikavu unaweza kukusanya miezi kadhaa. Nenda na mashimo au mapipa mawili. La kwanza unajaza mpaka lijae, na maganda ya jikoni yaingie humo. Likijaa unalifunika kabisa, HUONGEZI hata kiganja, unaanza la pili. La kwanza kama halikupata joto, lipe muda badala ya moto: miezi 6 lifunikwe. Wengi wanaharibu kwa kuongeza kinyesi kibichi juu ya kilichokaribia kuiva. Hapo hesabu inaanza upya.

Minyaa: utomvu wake mweupe. Tawi likivunjika na mtoto akajipangusa jicho, linavimba na linaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa muda, likicheleweshwa lidhurike zaidi. Watoto wanapenda kuvunja zile fimbo kwa sababu ni laini na zinatoa maziwa. Ukiamua kuikata, vaa mikono mirefu, glavu na miwani, watoto wasiwepo nyumbani, na mabaki usichome moto maana moshi wake unawasha. Pembeni panda mbaazi, zinasimama haraka na zinaliwa, huku unaotesha uzio wa kudumu wa mlonge au michongoma kwa ndani. Michongoma ina miiba lakini mtoto anaiona. Utomvu hauonekani mpaka umeshaingia.

Na ukiwa unapita uzio, kagua mnyonyo na mbono kaburi. Mbegu zao zinavutia, ni kubwa na zina madoa au ni nyeusi, na zote mbili ni sumu. Ng'oa.

Sista_Zahanati

Niingie upande wa afya, nikianza na hilo la jicho. Utomvu wa minyaa ukiingia: maji safi mengi yatiririke juu ya jicho dakika 15 au zaidi, kope zikiwa zimefunguliwa, bila kusugua, bila maziwa, kisha hospitali hata kama maumivu yamepungua. Mbegu ya mnyonyo ikitafunwa, msimtapishe mtoto, nendeni hospitali mara moja na mbegu mkononi ili daktari aione.

Kuku hubeba salmonela na kampilobakta, vijidudu vya kuharisha, wakiwa wazima kabisa wenyewe, haumwi yeye, anaumwa mtoto. Walio chini ya miaka 5 ndio wanaoharisha vibaya. Kwa hiyo yule mdogo asibebe vifaranga wala kuwabusu, aangalie tu kutoka mikononi kwako. Yule wa miaka 5 anaweza kuokota mayai na kumwaga nafaka, sharti anawe kabla hajagusa kitu kingine. Vyombo vya kuku visioshwe kwenye sinki la vyombo vya chakula. Yai lenye ufa wape mbwa likiwa limechemshwa, mtoto asipewe. Na mayai ya watoto yaive, kiini kiwe kigumu.

Mtundikie kibuyu chirizi kwenye njia ya kutoka uga wa kuku: dumu la lita 5, tundu dogo la msumari karibu na shingo, kamba toka shingoni hadi kijiti cha kukanyagia. Kimo cha dumu kiwe cha mtoto, sentimita 70 hivi kutoka ardhini. Sabuni ipitishwe kamba katikati ining'inie hapohapo. Mtoto wa miaka 5 anapenda kukanyaga kile kijiti, atanawa bila kuombwa. Kandambili za uwanjani zibaki mlangoni.

Mbwa ana mambo mawili. Minyoo yake: mayai ya minyoo mviringo yaliyomo kwenye kinyesi yanahitaji wiki 2 au zaidi ardhini kabla ya kuweza kuambukiza. Maana yake ukizoa kila siku umeshakata mzunguko. Kinyesi chake kiende chooni, kisiingie kwenye mboji kamwe. Mbwa mzima apewe dawa ya minyoo kila miezi 3. La pili kichaa: chanjo akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wenu.

Dawa ya minyoo kwa watoto wenyewe: albendazole, miligramu 200 kwa wa miezi 12 hadi 23, na miligramu 400 kuanzia miaka 2, kila miezi 6. Hutolewa pamoja na matone ya vitamini A Juni na Desemba, ulizeni kituo chenu msiwape mara mbili.

Na ndoo za kumwagilia. Mtoto wa mwaka na nusu kichwa kinamzidi uzito, akiinama kwenye ndoo anatangulia kichwa na hawezi kujirudisha. Sentimita chache za maji zinatosha kumzamisha. Ndoo iwe na mfuniko unaobana au iwe tupu. Hili naliweka juu ya mambo yote ya kuku niliyoandika.

Fundi_Bustani

Sista ameandika vizuri. Naongeza la dawa za wadudu kwa sababu hakuna aliyeligusa vya kutosha.

Vidukari kwenye sukuma havihitaji sumu. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, nyunyiza CHINI ya majani, ndipo walipo, rudia baada ya siku 4. Kwa viwavi: mbegu za mwarobaini zilizotwangwa gramu 50 kwa lita moja, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ishike, piga jioni kwa sababu jua linaua nguvu yake. Mtu asikudanganye kwamba mwarobaini ni wa asili hivyo hauna madhara. Mafuta yake yakinywewa na mtoto mdogo yanamdhuru vibaya. Kaa nayo juu, mbali.

Ukilazimika kununua dawa ya dukani, soma siku za kungoja kabla ya kuvuna, uzihesabu kwenye kalenda, na kuku wasipitishwe hapo. Isihamishwe kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa dakika tano. Mtoto anaijua chupa ya soda, lebo haijui.

Vilevile kuku akipewa antibayotiki, mayai yana siku zake za kutupwa zilizoandikwa kwenye pakiti. Watu wanapika tu.

Mfugaji_Mindu, kwenye utitiri umepita. Banda la mbao ndiyo nyumba yao, wanakaa kwenye nyufa mchana na kunyonya usiku. Ukiona matetea wanakataa kuingia bandani jioni, pitisha karatasi nyeupe chini ya fito usiku kwa tochi: vidoa vyekundu ni wao. Mwagia maji ya moto kwenye nyufa, kausha, paka chokaa. Kuku wapewe beseni la mchanga mkavu na majivu wajigaragaze.

Mfugaji_Mindu

Kweli, nakubali. Wale viroboto wanaoganda usoni mwa kuku ni kitu kingine, hao unawapaka vaselini wakose hewa, ukikwepa jicho lenyewe.

Mama_Uani

Wakuu Mungu awabariki. Swali la mwisho. Hela ya mwezi huu inatosha kitu kimoja kikubwa: wavu wa uga, au kung'oa minyaa na kuweka uzio mwingine. Nianze na kipi?

TutaMbele

Minyaa. Lakini using'oe yote mwezi huu. Kata kwanza matawi yote yanayofikiwa na mkono wa mtoto upande wa ndani, mpaka kimo cha mita moja na nusu, halafu sogeza kizuizi cha miti na kamba za katani hatua mbili mbele yake. Hiyo ni hela ya kibarua wa siku moja. Kinachobaki nunua kipande cha wavu cha mita 5, ukitandaze juu ya tuta la mchicha kama nilivyoeleza, na saa za kuku anza nazo kesho, hazina gharama: banda lifunguliwe saa 10 na nusu. Uga wenyewe mwezi ujao.

Mfugaji_Mindu

Naunga mkono, ila kesho hiyo usianze bila kuweka maji na majani ndani ya banda. Kuku aliyezoea kuzurura atapiga kelele siku tatu nne za mwanzo na kupunguza kutaga kwa wiki hivi. Usimwonee huruma ukamfungulia saa 4 asubuhi, maana akijifunza kwamba kelele zinafungua mlango utaanza upya. Wape chakula cha asubuhi saa ileile kila siku, na mlango afungue mtu mmoja. Huyo wa miaka 5 anafaa kuuvuta, mradi komeo lifikiwe na wewe tu, ulitoe kwanza.